“Mbuzi Ndio Wanatangulia Kufa”

BARUA

Jambo Mama,

Ninasoma safu yako tangu watoto wangu wakiwa wadogo, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaiandikia. Ni usiku, nyumba nzima imelala, umeme umeondoka, naandika kwa tochi ya simu.

Mimi ni mwalimu hapa Goma, nina miaka 41. Nilisomea Kifaransa na historia, na kwa masomo hayo mawili siogopi darasa lolote. Mwaka wa shule ulipoanza, mwalimu wetu wa fizikia alipata kazi kwenye shirika akaondoka. Prefe, mkuu wetu wa shule, akaniita ofisini, akanisukumia daftari la yule aliyeondoka. “Ni watoto wa pedagojia na wa biashara,” akasema, “si wanasayansi. Saa mbili kwa juma. Unasoma, wanaandika, imekwisha.” Kwa saa hizo naongezewa kidogo kutoka mchango wa wazazi, na hicho kidogo ndicho kinachonunua dawa za presha za mama yangu. Nikachukua daftari.

Nikafundisha hivyo hivyo. Kanuni za Newton niliwakaririsha kama Baba Yetu. Swali likija nasema “tutalifikia mbele”, na huko mbele hatufiki.

Majuma matatu yaliyopita tulikuwa kwenye somo la gesi. Kijana mmoja akauliza kama mazuku nayo ni gesi. (Wasomaji wako wa Lubumbashi labda hawaijui: ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu na kutuama mabondeni na kwenye mashimo, hasa upande wa Bulengo, Mugunga na Lac Vert. Haina rangi, haina harufu, na inaua.) Nikajibu ndiyo. Akauliza: “Sasa mtu akiikuta afanye nini?”

Hapo ndipo ningesema sijui. Neno moja tu, Mama. Badala yake nikakumbuka bango la moto nililowahi kuliona ukutani kwenye ofisi fulani, mtu anatambaa sakafuni chini ya moshi. Nikasema kwa sauti ya mwalimu kwamba gesi ni nyepesi, kazi yake ni kupanda, kwa hiyo ukikuta mazuku inama, tambaa mpaka utoke. Kalamu zote 32 zikainama pamoja. Waliandika maneno yangu.

Karibu na dirisha la nyuma hukaa binti mmoja ambaye kwao ni huko Bulengo. Haongei sana. Akanyoosha mkono: “Mwalimu, mbuzi ndio wanatangulia kufa. Na mbuzi ni wafupi.”

Nilihisi darasa zima linanitazama. Nikamwambia: “Keti. Hapa tunasoma fizikia, hatuchungi mbuzi.” Wakacheka mpaka wengine wakapiga madawati. Akaketi. Tangu siku hiyo hajanyoosha mkono tena, hata kwenye Kifaransa, na kwenye Kifaransa alikuwa wangu wa kwanza.

Usiku ule nilinunua megabaiti nikatafuta. Mazuku ni kaboni dioksidi, na kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Inajaa shimoni kama maji. Mtu akiinama ndiyo anazama.

Mwenzangu wa hesabu ananiambia nikikiri mbele ya watoto nimekwisha, wataniita Mwalimu Mbuzi mpaka nizeeke. Mke wangu anasema nirudishe hizo saa na nilale usingizi. Mimi nimefikiria kulirudia somo kimyakimya, niseme tunasahihisha kosa lililokuwa kwenye daftari. Ila daftari halikuwa na kosa. Na juma lililopita mmoja wao amehamia shule nyingine, amekwenda na maneno yangu mfukoni.

Nimewadanganya watoto wa watu. Nifanye nini?

Mwalimu wa Maneno, Goma


JIBU

Mwalimu wangu,

Nianze na wengine watakaosoma ukurasa huu, wewe utanisubiri. Ukiwa mahali penye mazuku usiiname, usikae chini, usimlaze mtoto chini. Mbebe mabegani, panda kwenye mwinuko ulio karibu. Ukiona mbuzi, mbwa au hata mtu ameanguka bondeni, usiteremke kumfuata, maana anayeshuka kuokoa huanguka palepale. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, ndipo hewa hiyo hutuama zaidi. Upepo ukivuma huitawanya. Ndani ya nyumba inayoungua ni habari nyingine: huko lile bango lilisema kweli, tambaa chini ya moshi.

Kwa hilo, mwalimu, sina “fikiria kwanza”. Watoto 31 waliobaki wanahitaji kulisikia kesho asubuhi, kwa njia yoyote utakayochagua. Na yule wa 32 aliyehama hakosi rafiki darasani mwenye namba ya simu ya nyumbani kwao. Yaliyobaki tunaweza kuyazungumza taratibu.

Nilipoisoma barua yako mara ya pili nilikwenda jikoni. Nina jirani, mzee aliyefundisha fizikia miaka mingi, nikamwita aje na miwani yake. Tulichukua mishumaa miwili, mmoja tukaukata ukabaki na urefu wa kidole gumba, mwingine tukauacha mzima. Tukaiwasha, tukaifunika yote miwili kwa chupa kubwa ya kioo. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba mfupi utatangulia kuzimika, kwa sababu nilikuwa na mbuzi wa yule binti kichwani. Ukazimika mrefu! Mzee akacheka mpaka akavua miwani.

Kisha tukaondoa chupa, tukaisimamisha ile mishumaa ndani ya beseni refu, tukaiwasha tena. Nikanyunyiza bikaboneti, ile ninayolainishia maharage, nikamwaga siki. Mara ya kwanza niliimwaga kwa pupa, povu likarukia utambi, tukaanza upya. Mara ya pili niliiteremsha pembeni, kidogo kidogo. Povu likafoka chini, na juu yake sikuona kitu chochote, hewa tu. Mwali wa ule mfupi ukayumba, ukawa mwembamba kama uzi, ukafa. Mrefu uliendelea kuwaka kama haujaambiwa.

Gesi ni ileile mara zote mbili, kaboni dioksidi. Chini ya chupa ilitoka kwenye miali ikiwa ya moto, na kitu chenye joto hutanuka, kikawa chepesi, kikapanda. Kwenye beseni ilizaliwa ikiwa baridi, ikabaki na uzito wake, ikatuama. Kwa hiyo bango lako halikukosea na binti wa dirishani hakukosea. Wewe ulichukua jibu la swali moja ukalijibia swali jingine, na ninakuhakikishia mimi ningefanya hivyohivyo, nimekwisha kukuambia niliapa juu ya nini.

Ndiyo maana neno lako “nimewadanganya” nataka tulitazame. Siku ile darasani ulikuwa unadanganya, au ulikuwa unakisia kwa sauti kubwa? Mimi naona ulikisia, na aibu ikakuzuia kuonyesha kwamba ni kisio. Uongo unataka mtu awe anaujua ukweli. Wewe ukweli uliujua usiku. Majuma matatu yaliyofuata siyaiti uongo pia, lakini nadhani ndiyo yanayokukosesha usingizi kuliko ile dakika moja ya ubaoni. Na ile njia ya kusema “kosa la daftari” ingekuwa uongo wa kwanza wa kweli katika habari hii yote. Sikukatazi. Nakuonyesha tu ilipokaa.

Nikiitazama barua yako naona umefunga vitu vitatu katika furushi moja: kosa la gesi, jambo la binti, na zile saa mbili. Kila kimoja kina dawa yake, na pengine ndiyo maana mwenzako wa hesabu na mke wako wanakupa majibu yasiyokutana. Mmoja anajibu juu ya heshima, mwingine juu ya usingizi.

Kwanza lakini, lile neno la prefe, “si wanasayansi”. Unalirudia kana kwamba limekwisha kupimwa. Watoto wa pedagojia watakuwa nani? Walimu wa shule za msingi. Kila mmoja atasimama mbele ya watoto arobaini, hamsini, na wengine watakuwa hukohuko Bulengo na Sake. Kama kuna watu katika mji huu wanaohitaji kujua kwa nini gesi hii huzama, ni hao, kabla ya yule atakayekwenda kusomea uhandisi. Na wale wa biashara: mama zao wanachemsha maharage kila siku Mungu anayotoa. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko pwani, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Yakishaanza kuchemka, ukiongeza makala, yaani mkaa, huongezi joto la sufuria, unaongeza mvuke tu na kupunguza pesa. Sufuria ya presha ndiyo hulipandisha joto, kwa sababu inaufungia mvuke ndani. Wape waipigie hesabu gunia la makala. Hiyo ni biashara, na ni fizikia.

Nawe unasema wewe ni mtu wa maneno, kana kwamba maneno yamekaa upande wa pili wa mto. Blaise Pascal si unamfundisha kwenye Kifaransa? Ni huyohuyo aliyetaka kuipima hewa. Septemba 1648 shemeji yake, Florin Périer, alipanda Puy de Dôme, mlima wa volkano iliyozimika huko Ufaransa, akiwa na bomba la kioo lenye zebaki, ili kuona kama hewa ya juu inakandamiza sawa na ya chini. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8. Sasa sikia hili, maana mimi mwenyewe lilinikalisha kitako: kilele hicho kina mita 1,465, na maji ya Ziwa Kivu yako karibu kimo hichohicho. Pale alipofika Périer akihema, sisi ndipo tunapochota maji na kuanika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwalimu wa historia anayeweza kuisimulia safari ile anaweza kufundisha kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyokandamiza, bila kuogopa daftari. Sisemi ubaki na saa hizo. Nasema usizirudishe kwa sababu ya kujiona mgeni humo.

Kuhusu kukiri. Mwenzako hakosei kabisa, watoto wana midomo, na Mwalimu Mbuzi ni jina zuri mno lisidumu. Huenda pia mzazi mmoja akalipeleka kwa prefe kwa namna yake, na prefe, ambaye ndiye aliyekupa daftari, akaona anashtakiwa yeye. Ndiyo maana wengine wangeanza ofisini kwake. Hatari yake unaijua: anaweza kukuambia nyamaza, na hapo utakuwa na jambo zito kuliko sasa. Lakini niulize kitu. Una uhakika gani kwamba hawajui? Wengine kwao ni hukohuko. Huenda katika wale 32 kuna waliorudi nyumbani wakasema “mwalimu amesema tuiname,” na bibi akaguna. Pengine unaulinda mlango ulio wazi.

Kuna kisa ambacho jirani yangu alinisimulia tukifuta siki mezani. Desemba 1938 Enrico Fermi, Mwitaliano, alipokea Tuzo ya Nobel ya fizikia. Sehemu ya sifa zake ilikuwa kwamba alipopiga urani, ile metali nzito, kwa nyutroni, chembe ndogo za ndani ya atomu, alipata elementi mpya, nzito kuliko urani yenyewe. Urani wasomaji wa Katanga wataifahamu, ndiyo ya mgodi wa Shinkolobwe. Miaka minne kabla, mwaka 1934, mwanakemia mmoja wa Ujerumani, mama aitwaye Ida Noddack, alikuwa ameandika kwamba ushahidi hautoshi, kwamba huenda kiini cha atomu ya urani kimevunjika vipande vikubwa. Hawakumsikiliza. Tuzo haijakaa mwezi, Otto Hahn na Fritz Strassmann wakatangaza walichokiona: dalili kwamba urani ilikuwa inapasuka. Fermi hakuficha. Hotuba yake ya tuzo ilipochapishwa aliitilia tanbihi, kwa herufi ndogo, akasema mambo yale yanahitaji kuchunguzwa upya kwa sababu ya kazi ya Hahn na Strassmann. Jina la Fermi halikuanguka, na leo hakuna anayemcheka.

Ila tanbihi ile haina jina la Ida Noddack. Hapo mimi ndipo nilipokaa muda mrefu, mwalimu. Kosa lake la fizikia Fermi alilisahihisha. Yule mama wa 1934 alibaki pale alipokuwa.

Kwa hiyo binti. Unadhani amekasirika, na labda ni kweli. Inawezekana pia amehitimisha tu kwamba aliyoyaona kwa macho yake hayahesabiki shuleni, na hiyo ni mbaya kuliko hasira, kwa sababu haionekani. Ulimdhalilisha mbele ya watu, na mtu angesema basi umwombe radhi mbele ya watu. Huenda. Lakini kuna watoto ambao kusifiwa hadharani ni mateso sawa na kuchekwa, na mtoto asiyeongea sana anaweza kuwa mmoja wao. Utamsimamisha tena katikati ya darasa bila kumuuliza. Ungeweza kumuuliza kwanza, uwanjani, mahali mnapoonekana na watu, si ofisini peke yenu. Umwambie alikuwa sahihi. Umuulize kama anataka lisemwe kwa jina lake au bila jina. Usimpe kazi ya kukusamehe, ana kazi za kutosha. Anaweza kukujibu “sijui, mwalimu” akaondoka, nawe utarudi nyumbani hujatulizwa. Hilo uwe tayari kulibeba.

Au uanze kwa kumuuliza habari. Wale mbuzi walikuwa wapi, shimoni au kwenye majani tambarare? Ilikuwa saa ngapi? Kulikuwa na upepo? Mtu anayeulizwa hivyo anajua kwamba amesikika, hata kama neno “samahani” limechelewa njiani.

Zile saa mbili sijui. Ukiziacha, nani atazichukua, na atafundisha kutoka daftari gani? Ukizishika bila kubadilisha kitu, barua ya pili utaniandikia mwezi wa tano. Huenda kuna njia katikati: huyo mwenzako wa hesabu, mwenye wasiwasi mwingi juu ya jina lako, akupitishe somo la juma linalofuata kila Ijumaa kwa saa moja, wewe umsahihishie barua zake za Kifaransa. Kutaka dawa za mama yako si kosa, na sioni kwa nini umeliandika kama unaungama. Usingizi wa mke wako pia ni wa kuhesabiwa. Mweleze kwamba unafikiria, si kwamba umemkataa.

Ukiamua kuipeleka ile mishumaa darasani, tumia beseni refu kuliko langu, fungua madirisha, na siki iteremshe pembeni. Kabla ya kuimwaga waulize ni mshumaa upi utatangulia, kila mtu aandike jibu lake. Wewe pia andika.

Niandikie tena, mwalimu. Nataka kujua wale mbuzi wa kwao walikuwa wangapi.

Mama wa safu